Wadudu Niliowaua Kisimani

Matongo,
Jumamosi alasiri.

Ghati mwanangu,

Umeenda kusuka, na nawajua nyie mkishikana vichwa na kuanza soga, hutarudi mpaka ng'ombe wawe wameingia. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa hapa mlangoni, nimepakata sinia ndiyo meza yangu, kuku wananizunguka wanadhani nachambua mchele. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu kama mnavyofanya nyie, lakini unanijua. Sauti yangu ikishaanza inapanda yenyewe, na ikishapanda hakuna wa kuishusha. Kalamu angalau inanipunguza mwendo.

Tangu Jumapili hatujasemeshana. Unaniwekea ugali, unasema "Karibu chakula, Bibi" kama mhudumu wa hoteli, halafu unaenda kula jikoni. Mimi nami nanyamaza. Ukaidi huo usiulize umeutoa wapi, umekua ukiuona kila siku.

Jumapili ile ulikuja na furaha, ukaniambia umepata kazi kwenye kituo cha mafuta Mugumu, kusimama kwenye pampu na kuwawekea watu petroli. Nami nikakujibu, "Basi nenda ukafe kama mama yako." Jamani! Neno lilikuwa halijamaliza kutoka na tayari nilitamani kulirudisha. Ukaniangalia, hukupiga kelele, ukasema polepole, "Wewe si mama yangu. Mama yangu ulimtengea kikombe." Ukaingia ndani.

Sikuandikii kubishana. Ulilosema ni kweli na nitalieleza mwenyewe humu, maana ulikuwa mdogo na uliona kipande tu. Kinachonitia hofu ni kimoja. Naogopa kesho utapanda gari na maneno yale mawili ndiyo yatakuwa ya mwisho kati yetu, na hutarudi tena. Mugumu si mbali, najua. Lakini kuna watu walioolewa kijiji cha pili na mama zao hawajawaona tena. Mimi sina mtu mwingine wa kumsubiri, Ghati. Ni wewe tu.

Mambo ya blanketi na sabuni nayaacha. Wewe ndiye unayenikumbusha vidonge vyangu vya presha, nitakufundisha nini kuhusu kujitunza?

Wenzako shuleni walipokuuliza mimi ni nani, uliwaambia ni bibi yako, mkaishia hapo. Ilikuwa rahisi kwako na sikukulaumu. Lakini mimi si bibi yako. Mimi ndiye niliyemwoa mama yako. Mume wangu alifariki bila kuniachia mtoto, na kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe na kumwoa binti, na watoto wa binti huyo wanakuwa watoto wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Basi nikatoa ng'ombe, nikaenda Nyakunguru kwa wazazi wa Robhi, nikamleta hapa. Mwanamume aliyekuzaa naye mama yako alikuwa mchimbaji mpita njia, alipita kama wanavyopita, na kwa desturi hana neno juu yako.

Nilitegemea mkamwana mpole wa kuinamisha kichwa. Wapi! Siku ya kwanza Robhi alinipa shikamoo yangu kwa heshima zote. Siku iliyofuata tukiwa kisimani, mbele za watu, akasema kwa sauti, "Mume wangu, mbona leo umenuna, ulilala na njaa?" Wanawake walivunjika mbavu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nami nikacheka. Tangu hapo ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, Mume wangu, na kila aliponiita hivyo alikuwa anatafuta kitu, kama si sukari basi ruhusa.

Ulipozaliwa wewe nilinuna kweli. Nilitaka mtoto wa kiume wa kushika boma, ndicho nilichotolea ng'ombe. Mama yako akakuweka mapajani mwangu bila kuniuliza, akasema, "Mshike, Mume wangu, mimi naenda kuoga." Akakaa huko muda mrefu makusudi. Aliporudi nilikuwa nimeshakuimbia. Sikuwahi kukuambia hili, na sijui kwa nini sikukuambia.

Sasa nikueleze kuhusu wadudu, maana huko ndiko kila kitu kilikoharibikia.

Kabla ya mama yako kuja, kipindupindu kiliingia huku kwetu. Kijiji kilichagua watu wa kufundishwa afya, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa sababu nilijua kusoma na nilikuwa na mdomo. Walitufundisha kwamba kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wako kwenye maji, wako mikononi, wako chini ya kucha, na ndio wanaoua watoto. Wakatupa klorini. Ghati, nilizaliwa kwa ajili ya kazi ile! Nilipita nyumba kwa nyumba, nafunua mitungi ya watu, nachungulia vyoo vya watu, nagombeza wazee wenye mvi. Watoto walinitungia wimbo, "Mama Klorini anakuja, ficha sufuria." Niliusikia na nilijivuna. Na kipindupindu kilikwisha, hilo siwezi kuliondoa. Watu walipona.

Lakini neno lenyewe, mdudu, lilinikaa vibaya kichwani. Kupe ni mdudu. Siafu ni mdudu. Kinachomharisha mtoto ni mdudu. Hata ule ugonjwa mkubwa ambao watu hawakutaka kuutaja walisema tu, fulani ana mdudu, na kila mtu akaelewa. Kwangu mimi mdudu alikuwa na kazi moja duniani, kuuawa. Nikisikia neno hilo, mkono unaenda kwenye ndoo wenyewe.

Pikipiki zilipojaa huku kwa sababu ya dhahabu, mama yako akaona biashara. Akaweka meza barabarani na chupa za maji zilizojaa petroli, zinang'aa kwa jua kama juisi. Mafuta yalikuja kwa madumu kutoka mjini Tarime. Kujaza chupa alikuwa anaingiza mpira kwenye dumu, ananyonya mpaka petroli inamfika mdomoni, anatema, halafu anauachia mpira kwenye chupa. Alikuwa anasema, "Leo nimekunywa chai ya tajiri." Sote tulicheka. Mikono ikichafuka oili, ananawa kwa petroli hiyohiyo. Usiku madumu yalilala chumbani kwenu, wewe umelala hapo kando. Harufu ile tuliizoea mpaka tukaacha kuisikia.

Halafu kibanda cha jirani mmoja kikaungua kwa mafuta ya namna hiyo, na mimi nikaogopa. Nikasema, moto hauingii ardhini. Wazo lilikuwa langu. Tukawaita vijana, wakachimba shimo nyuma ya nyumba, pale juu ya mteremko, tukazika pipa la chuma limebaki mdomo tu, tukafunika kwa bati na mawe. Tukaona tumewazidi akili moto na wezi kwa pamoja.

Baada ya muda mama yako akaanza kulalamika. "Mume wangu, petroli inapungua. Kuna mtu ananiibia." Tukamshuku kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anapenda kukaa pale kivulini. Nilimtukana yule kijana wa watu mbele ya wateja, nikamtaja mpaka mama yake. Hakuwa mwizi. Kutu ilikuwa imelitoboa pipa chini, na petroli ilikuwa inakwenda zake, inashuka na udongo kuelekea kisimani.

Maji yakaanza kunuka kidogo. Mama yako akasema yananuka petroli. Nikamwambia, pua yako ndiyo inanuka petroli, haya maji yameingia wadudu. Nikachukua ndoo. Nikamwaga klorini. Harufu ya klorini ikafunika ile nyingine, nikajipongeza. Ikirudi, namwaga tena. Nilifanya hivyo msimu baada ya msimu, na tukayanywa yale maji, na nikawa nawaambia majirani kisima chetu ndicho safi kuliko vyote Matongo.

Kisha Robhi akaanza kupauka. Yule mtu wa kucheka akawa anakaa chini katikati ya kazi. Ufizi ukawa unatoa damu akipiga mswaki. Akijigonga kidogo tu panabaki alama nyeusi kwa muda mrefu. Homa haziishi. Akakonda. Na watu, unawajua watu, wakaanza kunong'ona. Muuza petroli, barabarani, na wale wachimbaji wanaopita... Ana mdudu.

Hakuna aliyeniambia usoni. Nilisikia kwa watu wa kando, na nikaamini haraka kuliko wote. Mimi niliyefundishwa! Nilifundishwa wazi kabisa kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Niliwafundisha wengine hivyo kwa mdomo wangu huu. Lakini neno liliingia tu, na mkono ukaenda. Nikachukua kikombe cha bati chenye ua jekundu nikakiweka peke yake kwenye rafu, nikamwambia mama yako, "Hiki ni chako." Hakuuliza kwa nini. Siku hiyo hakuniita Mume wangu. Sahani ikafuata, beseni likafuata. Wewe nikakuhamishia kulala kwangu, ukawa unalia usiku, namsikia yeye upande wa pili wa ukuta anasikiliza unavyolia.

Tulipompeleka mwishowe kupimwa, hakuwa na mdudu wowote. Wakatutuma hospitali kubwa Mwanza. Daktari wa huko akatueleza kwamba ndani ya mifupa ndimo damu inamotengenezwa, na mifupa ya Robhi imeacha kazi hiyo. Akamuuliza anafanya kazi gani. Alipojibu, daktari akaandika kwenye faili lake. Akasema kwenye petroli kuna kitu kinaitwa benzini, mtu akikivuta kwa miaka kinaweza kuharibu pale damu inapotengenezewa. Akasema pia kwamba hawezi kuapa ndicho kilichompata huyu, kwani kuna wanaougua hivyo bila kugusa petroli. Nakuambia alivyosema bila kupunguza. Nimekaa miaka nikitaka mtu aniapie, aseme ndicho au sicho, na hakuna aliyeniapia.

Tuliporudi nyumbani nilikitoa kile kikombe kwenye rafu yake nikakichanganya na vingine. Nilifikiri hiyo ndiyo njia ya kuomba radhi bila kusema. Jioni mama yako akaja kunywa uji, akakitafuta kikombe chake katikati ya vingine mpaka akakipata. Nikamwambia, "Robhi, tumia chochote." Akasema, "Niache tu, nimeshakizoea." Hakusema kwa hasira. Wewe ulikuwa umesimama pale umeshika kanga yake, ndiyo maana unakikumbuka. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo, na mimi sikuwahi kuomba msamaha kwa mdomo. Nilikuwa nasubiri apate nafuu kwanza.

Hilo ndilo la kikombe. Sina la kujitetea.

Yule mtaalamu wa maji kutoka wilayani alikuja mwaka ule ulipoingia kidato cha tatu, unakumbuka, baada ya majirani wa chini kulalamika. Akapima kisima, akakuta petroli. Wakalifukua pipa, likatoka limekuwa chekecheke. Akasema kisima kifungwe. Kisha akaniuliza kama kuna kitu chochote tumekuwa tukiweka humo. Nikajibu kifua mbele, "Klorini. Siachi."

Akavua kofia akajikuna kichwa. Akasema, "Mama, hao wadudu uliokuwa unawaua ndio waliokuwa wanaila petroli."

Nilimfukuza. Wewe ulikuwepo. Nilimwambia aende akawadanganye wasiojua, mdudu gani anakula petroli, mbona kupe hawali petroli, tukiwapaka wanakufa! Wewe ndiye uliyemkimbilia mpaka kwenye pikipiki yake, mkasimama pale mnaongea mpaka jua likageuka, ukarudi umejaa maneno. Ukaokota kipande cha waya ukakikunja pete. Ukaniambia, "Bibi, angalia. Zile sumu sugu za petroli zimekaa hivi. Kaboni sita zimeshikana mikono, zimefunga duara, hakuna mwanzo wala mwisho wa kuanzia kung'ata. Benzini ni pete moja. Kwenye oili chafu kuna pete nyingi zimeunganika, hizo ni ngumu zaidi. Sasa bakteria anachukua oksijeni kwenye hewa, anaiingiza kwenye pete kwa nguvu, mpaka pete inalegea na kukatika." Ukaukata waya kwa meno, mtoto wewe, ukaunyoosha. "Ikishanyooka ni chakula. Anaila kipande kwa kipande, inabaki hewa kama hii tunayoitoa puani, na maji."

Nikakuuliza hao bakteria wananunuliwa wapi. Ukacheka. "Wapo tayari, Bibi. Wamo kwenye udongo tangu zamani, wachache wachache. Petroli ikimwagika, wanaoiweza wanazaana."

Niliamka, nikasema naenda kuangalia ndama. Nilienda kusimama nyuma ya zizi na nikalia pale mpaka nikashindwa kupumua. Maana niliona, Ghati. Hakuna aliyewaita wale wadudu. Tulimwaga uchafu wetu na wao wakaja kuusafisha kimyakimya, kisimani kwangu mwenyewe, na mimi nikawa nawafuata na ndoo. Mtaalamu alisema baadaye, aliporudi, kwamba hata bila klorini yangu wasingemaliza, kwa sababu pipa liliendelea kuvuja kuliko walivyoweza kula. Alikuwa ananifariji. Nimejifariji nalo mara nyingi na halinitoshi.

Kumbe hao wadudu nao wana mahitaji kama mfugo mwingine. Petroli inawapa chakula cha aina moja tu, wanakosa virutubisho vingine, kwa hiyo wanataka samadi. Wanataka unyevu usiozidi. Wanataka hewa, kwa hiyo udongo ugeuzwe. Tukautoa ule udongo mweusi uliozunguka pipa, tukautandaza pale uwanjani mbali na maji, tukaumwagia samadi iliyokaa, tukawa tunaugeuza kwa jembe, wewe upande huu mimi upande ule. Siku ya kwanza ulisimama ukashika kiuno, ukasema, "Ona Mama Klorini analisha wadudu!" Nilicheka mpaka nikaangusha jembe. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu tumzike Robhi, na nilivyocheka ndivyo nilivyomtafuta kwa macho, nikidhani naye atacheka.

Ule udongo sasa hauna harufu. Majani yamerudi, ulinionyesha mwenyewe, na mtaalamu akaupima akasema umepungua sumu kwa kiasi kikubwa. Kisima ndicho bado. Chini kule kwenye maji hewa haifiki vizuri. Anasema wapo wadudu wengine wanaoweza kuzivunja pete bila hewa, ila wanakwenda polepole sana, na hakuna samadi ya kuwasaidia, maana samadi kisimani ni balaa jingine. Nilimuuliza, miaka mingapi? Akasema hawezi kunipa namba. Nilikasirika tena. Lakini alikuwa mkweli, na nimejifunza kwa kuchelewa kumheshimu mtu anayesema hajui.

Nina uhakika kiasi kwamba maji yale sitayanywa tena mimi. Nimekubali. Lakini nikienda pale naona mfuniko wake na nakumbuka ile sauti, "Mume wangu, mbona umenuna," na roho inaniuma upya kama ni jana. Watu wanasema huzuni inapungua. Mimi yangu haijapungua, imekaa tu mahali pake, na baadhi ya siku sipiti huko.

Sasa turudi Jumapili. Nimefikiri wiki nzima kwa nini nilisema neno baya vile kwa mtoto ninayempenda. Nilisikia "petroli", na kama ilivyokuwa kwa "mdudu", mkono ukaenda kwenye ndoo. Sikukuangalia wewe. Sikumwona Ghati aliyezunguka na vyeti Tarime nzima akirudishwa, aliyevaa sketi ya kuazima kwenda kwenye usaili, aliyetembea kutoka barabarani akifikiria atanipaje habari njema. Niliona petroli tu. Nadhani hilo ndilo kosa langu moja, na mengine yote ni watoto wake. Nasikia neno, najua la kufanya, na mtu aliye mbele yangu simwoni tena mpaka awe amekufa au anapanga nguo kwenye begi.

Kazi ile sikukatazi. Unaijua petroli kuliko nilivyoijua mimi, wewe ndiye uliyenifundisha pete. Nitaogopa kila siku, hilo huwezi kuniondolea, lakini hofu ni yangu, usiibebe wewe.

Na kuhusu ulilosema, kwamba mimi si mama yako. Mama yako nilimwoa. Yeye aliulizwa, angalau siku ile wazazi wake walimwuliza mbele yangu naye akakubali. Wewe hujaulizwa na mtu. Ulizaliwa ndani ya desturi, ukakuta tumeshapanga kwamba wewe ni wangu, na mimi nikaishi hivyo bila kuwaza kwamba mtoto naye anaweza kukubali au kukataa. Boma hili ni lako, ukirudi au usiporudi, nimeshalisema mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji, nao wameguna lakini wameandika. Kwa hiyo ninachokuomba hapa hakina mali nyuma yake.

Nakuuliza kama unanitaka. Si kama bibi, huyo nilikuwa nimejificha nyuma yake. Nafasi ya Robhi siitaki, ina mwenyewe. Nataka tu kuwa mtu ambaye ukiumwa huko Mugumu unasema, nataka kwetu, na unamaanisha mimi. Ukikataa, nitaelewa, na ukipita njia hii siku yoyote utakuta chakula. Usinijibu haraka. Umenisubiri mimi miaka yote hii niombe radhi, nami naweza kusubiri.

Naisikia sauti yako huko chini kwa kina Bhoke ulikoenda kusuka, mnaagana. Unacheka kama yeye, unajua? Mwishoni mwa kicheko unavuta pumzi hivyohivyo.

Barua hii naitia ndani ya begi lako, katikati ya nguo, ili uikute ukiwa umeshafika na usilazimike kuniangalia usoni. Kwa hiyo asubuhi hutakuwa umeisoma. Tutakuwa bado tumenuniana. Utabeba begi, utasimama hapa mlangoni, utasema, "Bibi, naenda," na mimi, kwa jinsi ninavyojijua, nitashindwa kusema lolote la maana mbele ya yule mtu wa pikipiki atakayekupeleka kwenye gari. Nitasema tu, "Haya."

Ukifika hapa kusoma, ujue kwamba ile "haya" ilikuwa barua hii yote.

Nyangi